Gladness Hayumo

Tusifichane, Sostenes wa Mkonze alikuwa mbishi, ila ubishi wake ulikuwa na sababu. Mama yake alikuwa na kadi ya matibabu ya zamani, ile waliyoahidiwa kwamba ingemaliza shida zote. Alipougua, dirisha la dawa likamjibu dawa zimeisha, kanunueni nje. Walimzika kadi ikiwa bado mpya.

Basi waandikishaji wa bima ya afya kwa wote walipopita, Sostenes aliwapiga chenga kama anavyowapiga wahesabu mifugo. Ng'ombe wake hawalali zizi moja. Wengi wako Msalato kwa rafiki yake Lameck, anayewatunza na kunywa maziwa, kama Wagogo walivyofanya tangu mababu. Serikali ikija kuhesabu, inakuta wawili. Akajiandikisha yeye na mkewe tu ili wageni waondoke, akawaambia kwa macho makavu kwamba mtoto hana. Binti yake Gladness, miaka kumi na moja, alikuwa nyuma ya nyumba akitwanga mtama, akayasikia yote.

Jumanne hii Gladness alikuwa amejikunja kwenye benchi la hospitali mjini, jasho linamtiririka. Daktari alisema ni kidole tumbo, kinaweza kupasuka wakati wowote, apasuliwe leo hii.

Dada wa dirishani akabonyeza kompyuta. "Upo wewe na mama. Gladness hayumo."

"Ni mwanangu wa kumzaa."

"Humu huna mtoto, baba."

"Baba ndiye alisema," Gladness akanong'ona. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuuma Sostenes kuliko kutukanwa.

Akampigia Lameck simu. "Uza dume langu sasa hivi."

"Mnada ni Jumamosi."

"Muuzie yeyote, kwa bei yoyote. Mtoto anakufa, Lameck."

"Usiuze kitu. Mwambie huyo dada aangalie kaya ya mke wangu, Dorkasi. Nakutumia namba. Nakuja."

Sostenes akaisoma namba bila kuiamini. Kompyuta ikagoma, ikaanza upya. Gladness akatapika sakafuni. Sostenes alikuwa roho juu, akimwona mama yake kwenye dirisha lile lile la maneno matupu.

"Gladness Sostenes," dada akasema. "Yumo."

Machela ikaja, mtoto akapelekwa ndani.

Lameck alifika kwa bodaboda, akichechemea, mkono kinenani. Ngiri ilikuwa inamtesa tangu masika, na yeye pia alishaambiwa apasuliwe.

"Ulimwandikisha lini?" Sostenes akauliza.

"Walipotoka kwako walikuja kwangu, nami ulishanisimulia ulivyowapiga chenga. Nakutunzia ng'ombe, nishindwe mtoto?"

Sostenes akarudi dirishani kushukuru. Kwenye kioo cha kompyuta kaya ilikuwa na majina sita: Dorkasi, watoto wake wanne, na Gladness. Akayasoma tena polepole, akilitafuta la Lameck.

"Kaya moja huwa mwisho wangapi?"

"Sita," dada akasema.

Akageuka. Lameck alikuwa anakaa benchini upande upande, ameuma meno, akijifanya anaangalia mlango wa upasuaji. Aibu ikamshika Sostenes mpaka machozi yakamlenga.

"Dada," akasema, "kaya yangu ina watu wawili. Nielekeze wanapoandikisha. Kuna ndugu yangu nilimsahau."