Kaburi Halilali Wazi

Wagombea wana jibu la kila kitu. Waulize kuhusu maji, watakuonyesha mahali bomba litakapopita. Waulize kuhusu kazi, watakuitia kijana mmoja aliyeipata. Ni kwenye bunduki tu ndipo ndimi zao huwa nzito, na ndiyo maana akina mama wa kanisa moja dogo la Lindi, Kibera, waliamua kwamba msimu huu watawauliza hilo peke yake. Nelima, muuza maharagwe, ndiye aliyepewa kuandika karatasi, kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka. Aliandika: Je, wewe na walinzi wako mtaacha bunduki nyumbani mkija kwetu? Chini yake akaacha nafasi ya sahihi.

Hiyo ilikuwa mwezi wa tatu. Mwezi wa tano jambo lenyewe likaingia nyumbani kwake.

Binti yake wa pili, Daisy, alikuwa msusi Kawangware, amepanga chumba ghorofa ya tatu huko Gatina. Jumanne moja adhuhuri alitoka nje kwenye roshani kuanua nguo. Chini barabarani msafara wa Morris Nalianya, mgombea udiwani, ulikuwa umezuiwa na vijana wa upande wa pili, na mawe yalikuwa yanaruka. Morris akachomoa bastola, ile anayoimiliki kwa leseni na kupenda ionekane kiunoni, akafyatua mara mbili hewani. Hewa ya Gatina nayo imejaa watu, kila ghorofa na roshani zake. Daisy alianguka na shuka mkononi, na jirani aliyemkimbilia alidhani amezimia kwa hofu.

Polisi waliandika kwamba ni risasi iliyopotea, mfyatuaji hajulikani. Mtaa mzima ulimwona, lakini ukitafuta shahidi mmoja wa kutaja jina, kila mtu saa ile alikuwa ameinama akifunga viatu, hata waliovaa patipati.

Risasi haikupenya mwili ikatokeza. Ilibaki ndani ya Daisy, na jambo hilo, ambalo mama yeyote angelisikia kwa kitisho, Celine alilisema kama habari njema. Celine alikuwa msichana wa kituo cha haki pale mtaani, na alikuja kwa Nelima siku iliyofuata, amekumbatia faili.

"Mathe, pole sana. Lakini niskize. Hiyo risasi ndio witness wetu pekee. Haiogopi mtu na haiwezi hongwa. Daktari wetu ataitoa Monday, ipelekwe ilinganishwe na bastola ya Morris. Zikipatana, hana pa kutokea. Lakini mwili usitoke mochari kabla ya Monday. Tafadhali, mathe."

Nelima alielewa. Hakulia sana baada ya hapo, kwa sababu sasa alikuwa na kazi: kumlinda mtoto wake pale alipolazwa mpaka Jumatatu.

Angemweleza vizuri Wepukhulu, labda mambo yangekwenda vingine. Wepukhulu alikuwa kaka wa marehemu mumewe, fundi wa milango, mtu mwema na mwepesi wa kusaidia kupita kiasi. Kikulacho ki nguoni mwako: Morris alikuwa mtu wao, mtoto wa Kimilili kama wao, na jioni hiyohiyo ya Jumatano alifika matangani Lindi bila walinzi, akakaa kwenye benchi na wazee, akanywa chai isiyo na maziwa. Alipoondoka alimwambia Wepukhulu kwamba jeneza lipo, na basi la kwenda Kimilili litakuwa tayari Alhamisi mchana. Wepukhulu hakuuliza mtu. Alipiga simu nyumbani akawaambia vijana wachimbe.

Nelima alipata habari asubuhi, akipepeta maharagwe ya kuwapikia waombolezaji.

"Shemeji, si nilikuambia Jumatatu?"

"Mama Sella, vijana wameshachimba. Wamemaliza. Mimi nilidhani hiyo Jumatatu ni maneno ya kituo, hayo mambo husukumwa tu kila wiki."

"Basi waambie wafukie."

"Kaburi tupu unalifukia na nini?"

"Na mgomba. Si huwa mnazika mgomba?"

Wepukhulu alivua kofia. "Mgomba ni wa mtu hatujui amelala wapi. Aliyezama, aliyepotelea Arabuni. Daisy tunajua yuko droo gani. Ukiudanganya udongo, unakuja kujichukulia mtu wenyewe. Usiku mmoja vijana watakaa hapo na moto, walilinde. Lakini mpaka Jumatatu? Kaburi halilali wazi hivyo." Akashusha sauti. "Na unajua ni nani ako pale kwa nyumba saa hii."

Alijua. Sella, kifungua mimba wake, alikuwa ametangulia nyumbani kwa bibi yake, ana ujauzito wa miezi minane. Shimo lilikuwa hatua ishirini kutoka mlango wa chumba alicholala.

Anayetaka kucheka na acheke. Nelima mwenyewe, ungemsimulia mwezi wa tatu, angecheka. Alikuwa mtu wa kidato cha nne na wa kwaya, na mambo ya udongo kuita watu aliyaacha kwa mama mkwe wake. Lakini anayekwenda kuzika mtoto mmoja hana moyo wa kuweka wa pili rehani ili ajue nani mkweli. Alimchukia Wepukhulu saa ile. Akajichukia yeye mwenyewe zaidi, kwa kuwa alijua tayari atafanya nini. Alifunga leso kichwani, akaenda mochari kutia sahihi.

Celine alimkuta langoni, amekimbia mpaka anahema.

"Mathe, ukisaini hiyo fomu Morris amepona."

"Najua."

"Basi tutaenda kortini. Tuombe amri, afukuliwe."

"Kwenu Homa Bay mnafukua watu?"

Celine alitazama viatu vyake. Kwao pia hawafukui.

Daisy alizikwa Ijumaa. Morris alibeba jeneza begani pamoja na wajomba, akapewa kipaza sauti, akazungumza kuhusu usalama wa vijana mpaka wali ukapoa. Nelima, akiwa ameshikwa huku na huku na wanawake, alimtazama kiunoni. Hapakuwa na kitu. Mtu yule alikuwa ameiacha bastola nyumbani, sawasawa na walivyoomba kwenye karatasi, na aliifanya heshima hiyo kwenye mazishi ya Daisy. Hasira ilimpanda Nelima mpaka akaona giza. Wanawake wakadhani ni majonzi, wakampepea.

Wiki tatu baadaye Sella alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti kubwa. Nelima alipiga magoti akamshukuru Mungu. Kisha akabaki pale chini akiwaza kama mtoto yule hangezaliwa vilevile, mzima na kelele zake, hata kama ungezikwa mgomba. Hakuna awezaye kumwambia. Na kama angezaliwa vilevile, basi alimwachilia muuaji bure.

Jumamosi ya mwisho kabla ya uchaguzi, wagombea watano walikaa kwenye ukumbi wa kanisa huko Gatina kuulizwa maswali. Akina mama wa Lindi walikuja na karatasi zao. Mwendeshaji alikuwa mwalimu mstaafu, Musembi, mtu wa haki aliyemkata kila mgombea dakika zake zikiisha. Wanne wa kwanza, walipoulizwa kuhusu bunduki, walizunguka wee, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kisha Nelima akapewa kipaza sauti.

"Morris," alisema, na watu wakashtuka kwamba hakumwita mheshimiwa. "Jumanne ile ulifyatua bastola hapa Gatina. Mtoto wangu akafa. Utajibia wapi?"

Morris alisimama. Hakukasirika. Aliomba karatasi ya akina mama, akaisoma kwa sauti neno kwa neno, akaitia sahihi mbele ya wote.

"Mama yangu," akasema, "huu uchungu ni wetu sote. Mimi sijifichi. Bastola yangu niko nayo, nimewaachia polisi hapo mlangoni. Ichukueni, mkaipime hata leo. Sitaita wakili."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. "Huyo ndio mwanaume!" mtu akapaza sauti nyuma. Morris alingoja watulie.

"Shida ni moja tu. Ikipimwa, italinganishwa na nini?"

Mwalimu Musembi alikunja uso. Alikuwa mtu wa haki, na aliuliza alichodhani haki inadai. "Mama Sella, samahani sana. Familia iko tayari kaburi lifunguliwe?"

Watu waliguna. Wepukhulu, mstari wa tatu, hakuinua uso. Celine alikuwa amesimama karibu na dirisha, akiinamisha kichwa na kukiinua, taratibu, akimsihi aseme ndiyo. Nelima aliwaza vijana na majembe, na shimo limefunguka tena hatua ishirini kutoka mlangoni, na ndani ya mlango Sella akinyonyesha. Alijaribu kulitafuta neno lile fupi ambalo Celine alimwomba. Alilipata, likamfika ulimini, akaliogopa.

"Hapana," akasema.

"Basi, mama," Morris akasema kwa upole, "tumwachie Mungu."

Ukumbi mzima ukaitikia amina, na akina mama wa Lindi pia, na mdomo wa Nelima, kwa mazoea ya kanisani, ukaitikia nao.