Zamu ya Gwenda Kusoma

…na zamu ilikuwa yake, alijua fika kwamba zamu ilikuwa yake, kidole kilikuwa palepale chini ya mstari, ukurasa wa nane, maneno matano tu, maneno ambayo Gwenda Pashley angeweza kuyasema hata usingizini, lakini ulimi ulikuwa umemlalia kinywani kama umetiwa ganzi na daktari wa meno, na watu wote waliozunguka meza ile ndefu kwenye ukumbi wa kanisa pale Acton walikuwa wakimsubiri, bado wanatabasamu, bado, maana ilikuwa saa tano asubuhi na chai yao ilikuwa bado ya moto na kila mtu alikuwa amekuja kufurahi, si kila siku kichekesho cha televisheni kilichozikwa miaka arobaini na tano kinafufuliwa… "Mlango wa duka unafunguka, Cyril anaingia," Tamsin alisoma tena, taratibu zaidi, kwa sauti ya kumsemesha mgonjwa, Tamsin mtayarishaji, msichana mwema, aliyesafiri mara tatu kwenda kwa Gwenda na keki mkononi kumbembeleza akubali… anadhani nimesahau, wote wanadhani nimesahau, bibi wa miaka sabini na sita, basi na wadhani hivyo, heri kusahau kuliko hili… na upande wa pili wa meza, anayemwigiza Cyril, Everard Pinnock mwenyewe, themanini na tatu, tai imefungwa vizuri, alikuwa ameweka mikono juu ya karatasi zake akimtazama, hatabasamu, hakunji uso, anamtazama tu, na nyuma yake, kwenye viti vya ukutani, binti yake Yvette aliyemleta kwa gari alikuwa amepakata koti la babake, na Gwenda hakutaka kumtazama Yvette, alitazama dirisha, alitazama birika, alitazama maneno yale, *Hebu fungeni mlango, usiku umeshaingia*, ndiyo hayo, Maureen wake, mwenye duka la samaki na chipsi, anasema hivyo kondakta mweusi wa basi kutoka Jamaika anapoingia mlangoni, kila wiki, misimu mitano, na kila wiki nchi nzima ikishika mbavu, watoto wakirushiana uwanjani shuleni, wazima wakimwambia yeye barabarani, sema, Maureen, tuambie usiku umeingia, naye akisema, Mungu amsamehe, alisema hata kwenye harusi ya dada yake… "Gwenda mpenzi, ukurasa wa nane," Tamsin alinong'ona… najua, mama, najua ni wa nane… walimwambia kwamba neno hilo halimo, alikuwa ameuliza kwenye simu na wakasema halimo, kisha jana jioni skripti mpya ikaletwa na neno likawamo, eti mara moja tu, mwanzoni, kama heshima kwa mashabiki, halafu wajukuu wa Maureen wanamkemea na yeye anajifunza, nyakati zimebadilika, yaliyopita si ndwele… kwa nani si ndwele?… mwenye bucha mtaani kwake alisema virudishwe vyote, siku hizi hakuna anayejua kuchekesha, watu wanaogopa vivuli vyao, na mwanawe Alistair alisema viachwe makaburini vilipo, mama, mbona mnachimbua, na yeye Gwenda alikuwa ameitikia kote kuwili, kwa sababu ukweli, ukweli wa aibu, ni kwamba alitaka, alitaka mno kukisikia tena kile kicheko, watu mia tatu kwa pamoja gizani, kinakupanda kuanzia nyayoni kama maji ya moto bafuni, nani aliyewahi kuonja kile akaacha kukitamani, na zilikuwa Jumapili njema zile, mtaa mzima kimya, sahani magotini, mamake mwenyewe amesimama na pasi ya moto mkononi asiondoke mpaka kiishe… leo asubuhi kwenye korido alimshika Everard mkono akamwambia ameuona ukurasa wa nane, yuko tayari kukataa, atasimama mbele ya wote akatae, na Everard alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Fanya kazi yako, Gwenda. Nami niache nifanye yangu," akaingia ndani, na tangu hapo jibu hilo lilikuwa likimtafuna, maana lingeweza kuwa ruhusa na lingeweza kuwa kofi, miaka kumi na tisa hakuna aliyemwita mzee huyu kuigiza, na mimi nisimame nijitakase nikiwa nimekanyaga mkeka wake?… mtu alikohoa, mtu alifunua karatasi kisha akairudisha… nilikuwa na miaka ishirini na minane, sikuandika mimi, niliambiwa nisome nikasoma, ningekataa wangemleta mwingine kabla chai haijapoa, hivyo ndivyo alivyowajibu waandishi wa magazeti, hivyo ndivyo alivyojijibu kila alipoulizwa na moyo wake, kwamba hakujua, zama zile hakuna aliyejua… uongo… macho yakamponyoka, yakamwendea Yvette, mwanamke wa miaka hamsini na sita mwenye mvi pembeni, na papo hapo akamwona mtoto wa miaka minane safu ya mbele ya studio, gauni la njano, ameletwa kumwona babake kazini kwa mara ya kwanza, watu mia tatu wanacheka na yeye anageuka nyuma kuwatazama, mmoja mmoja, kama anayetafuta ni nani aliyeanza… na siku ileile mchana, Gwenda, siku ileile, wakati wa mazoezi, Everard alikuwa amekuja karibu na kaunta ile ya mbao ya duka la uongo, akainama, hakulalamika, hakuomba neno lifutwe, alijua halitafutwa, alimwambia tu, "Binti yangu anakuja leo. Nikiingia, hesabu mpaka mbili, nitazame, ndipo useme. Ukiharakisha watanicheka mimi. Ukingoja kidogo, watakucheka wewe," na alikuwa amesema kweli, msanii mkubwa yule, walijaribu mara moja na mafundi wa taa wakamcheka Maureen, ujinga wake, domo lake, kicheko chembamba lakini safi… na jioni taa zikawaka, mlango ukafunguka, akaingia, akasimama akimpa nafasi, na Gwenda akasikia watu wameshavuta pumzi, akakinusa kile kicheko kikubwa, kiko pale, kinamngoja, na hakuhesabu hata moja… na baadaye, kwenye ngazi, Everard akiwa amemshika mtoto mkono, alimuuliza kama mchana hakumsikia, naye akajibu kulikuwa na kelele nyingi, hakumsikia vizuri, na Everard akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, akamshusha mwanawe ngazi, wala hakulitaja tena maisha yake yote, misimu mitatu zaidi, kila wiki akiingia mlangoni na kusimama pale… basi si maandishi, wala si zama, na si hili la leo la kusoma au kukataa, kukataa leo kungekuwa ni kumpora tena, makofi yangekuwa yangu, magazeti yangekuwa yangu… "Tunaweza kupumzika kidogo," Tamsin alisema, "Gwenda, unataka maji?"… hakuna aliyeinuka, karatasi zilikuwa bado zimefunguliwa ukurasa wa nane, Everard alikuwa bado amesimamishwa mlangoni pa duka la samaki, hajaingia, hajatoka, na Gwenda aliondoa kidole kwenye mstari, akamwinulia uso, na maneno yaliyomjia hayakuwa ya Maureen, wala hayakuwa marefu, na hakujua yeye Everard angeyapokeaje mbele ya watu na mbele ya binti yake, pengine angeyatupa, ilikuwa haki yake kuyatupa, lakini yalikuwa yamekwisha kufika nyuma ya meno… nilikusikia, Everard, mchana ule nilikusikia kila neno.