Mti Uliokuja Mezani

Jumatano ya pili ya mwezi wa Aprili, mwaka 2008, saa nne kasorobo asubuhi, mhudumu Domina aliunganisha meza tatu katika ukumbi wa nyumba moja ya wazee huko Rooty Hill, Sydney, akatandika magazeti ya zamani, akapanga sahani za karatasi kumi na moja, chupa za gundi na mikasi butu. Makao makuu yalikuwa yameleta boksi la majani ya plastiki, mekundu na ya manjano, pamoja na karatasi ya maelekezo: Kazi Rahisi za Mikono kwa Wazee, Msimu wa Majani Kupukutika. Kata sahani katikati. Paka gundi. Bandika majani. Mpongeze mzee.

Wazee kumi walikuja, wengine wakisukumwa, wengine wakijikokota. Wa kumi na moja, Mzee Callixte Bigirimana, alikuwepo tangu chai ya asubuhi. Alikuwa amesimama na kigari chake cha kutembelea mbele ya mlango wa kioo unaotokea uani, kama alivyosimama kila siku. Uani palikuwa na benchi, nyasi za ukubwa wa mikeka miwili, na mti mmoja ambao wenyeji huuita likwidamba. Majani yake yana ncha tano kama kiganja cha mtu, na wiki ile yalikuwa yameiva wekundu. Mlango ulifunguka kwa kubonyeza tarakimu nne. Wafanyakazi walizijua. Wazee hawakuambiwa.

"Mwanangu, leo nipe hizo namba," alisema Mzee Callixte.

"Baba, njoo tubandike majani."

"Majani yako yametoka kiwandani. Mimi nataka nikanyage udongo kabla baridi haijaingia. Dakika kumi tu, nirudi nibandike unachotaka."

"Wiki ijayo. Fomu yako ya kutoka iko kwa meneja."

Fomu ilikuwa kwa meneja tangu Januari. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Mzee Callixte alikuwa ametoka nyuma ya mtu aliyeleta maziwa, akatembea hadi stesheni, akakaa kwenye benchi akiangalia treni. Polisi walimkuta akiwa tayari njiani kurudi, kwa sababu saa ya chakula ilikuwa imekaribia. Akaandikwa mtoro. Tangu hapo hakuruhusiwa kutoka hata uani, na aliambiwa kwamba ni kwa usalama wake.

Maneno hayo aliyajua vizuri. Alikuwa na miaka sabini na saba. Aliikimbia Burundi mwaka 1972 na mtoto mgongoni, akalima mihogo kwenye kijiji kimoja cha Kigoma kwa miaka ishirini na mitano, akazika huko mke na kupanda huko migomba. Mwaka 1997 askari walikuja na malori, wakawakusanya yeye na wenzake, wakawapeleka kambini. Asivuke kilomita nne bila kibali. Kwa usalama wake. Migomba ililiwa na wengine. Sasa, huku Australia, mwanawe Emerance alikuwa akifanya kazi katika nyumba mbili za wazee, moja Seven Hills na nyingine mbali zaidi, akiwaogesha baba za watu, na kwa hiyo baba yake mwenyewe aliogeshwa na watu.

"Nyie Watanzania hamchoki," mzee alimwambia Domina huku akivuta kiti. "Mlinifungia Kigoma, mkanifuata na kufuli mpaka Sydney."

Alisema akicheka, na Domina akacheka. Lakini Domina alikuwa mtu wa Kasulu, huko huko Kigoma. Mwaka ule wa malori alikuwa kidato cha tatu, na yalipita mbele ya darasa lao. Mwalimu alisema fungeni madirisha, vumbi. Wakafunga. Na viza yake ya Australia ilikuwa ni barua ya mwajiri wake. Kazi ikiisha, viza inaisha. Akambandikia mzee jani la kwanza.

Jumatano iliyofuata, saa nne na dakika kumi, mti uliingia. Haukupita mlangoni, maana mlango ulikuwa umefungwa. Ulipita ukutani, pale penye kalenda, na ukuta ukabaki mzima, ila kalenda ilikaa upande. Uliinama kidogo kwa ajili ya dari, ukakunja mizizi chini ya meza, ukatulia kati ya Mzee Callixte na Beryl, bibi aliyeshona mashati kiwandani miaka thelathini. Beryl alisogeza kiti. Aliuambia kwamba umechelewa, akausogezea gundi.

Domina aliongeza sahani. Kwenye daftari la mahudhurio aliandika: kumi na wawili.

Kazi ilikwenda vizuri siku ile kuliko siku zote. Mti ulidondosha majani taratibu, kila mtu mbele yake, na yalikuwa na ubaridi wa nje. Bibi mmoja ambaye hakuwa ameshika kitu tangu Krismasi alichukua jani, akalisugua shavuni, akalibandika mwenyewe. Mzee Callixte hakubandika kitu. Alivua viatu, akavua soksi, akazikunja, akatia miguu katika udongo uliokuja na mizizi. Akafumba macho. Ni Domina peke yake aliyeona vidole vyake vikichimba, kama vya mtu anayetafuta kiazi.

Meneja alifika saa tano kasoro dakika tano. Alikuwa mama mwema, aliyejua siku ya kuzaliwa ya kila mzee. Aliutazama mti, akautazama udongo, akaweka kibao cha njano cha kuonya kuwa sakafu inateleza. Alisema udongo una vijidudu.

"Basi kwa kuwa hauruhusiwi ndani," alisema Domina, na sauti yake ilikuwa ndogo, "mzee aufuate nje?"

Meneja alimjibu kwamba fomu iko mezani kwake.

Domina akaleta ufagio. "Baba, inua miguu."

Mzee aliinua. Domina akafagia.

Mti haukuondoka. Ulilala ukumbini usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu, na kwa utaratibu wa nyumba ile, alaye na kulala lazima apokelewe rasmi. Makao makuu yalimtuma mtathmini mwenye begi. Aliuuliza mti leo ni siku gani. Aliuuliza sasa ni msimu gani. Mti ukadondosha jani kwenye karatasi yake. Mtathmini akaliweka pembeni, akaandika: hajibu. Ukapewa chumba namba tisa, ambacho mwenyewe alikuwa amefariki Jumatatu, na dakika sita za kuogeshwa kila asubuhi, sawa na wengine. Domina ndiye aliyeufunga utepe wa plastiki kwenye tawi la chini, wenye jina na tarehe.

"Kadi ya chakula, kama zile za kambini, mti umepewa?" Mzee Callixte aliuliza.

"Utepe tu, Baba."

"Wataleta. Uambie usipoteze."

Lile shimo lililobaki uani lilizibwa kwa zege, mtu asije akajikwaa. Nyasi nazo zikafunikwa, kwa kuwa mafundi walikuwa wameshafika na mashine. Mwezi wa Juni fomu ya Mzee Callixte ilirudi, imepigwa muhuri. Ilisema kwamba mti aliotaka kuukaribia sasa unaishi ndani, vyumba vitatu kutoka chake, na hivyo ombi lake limetimizwa. Domina alimsomea kwa Kiswahili, polepole, bila kuruka neno. Mzee alimwomba arudie mstari wa mwisho. Akarudia. Mzee alisema wameandika vizuri.

Wiki ile ile, saa kumi alasiri, saa ambayo wazee wengi huanza kutafuta njia ya kurudi kwao, mti ulitoka chumba namba tisa. Haukuwa na jani hata moja. Ulipita ukumbini, ukasimama mbele ya mlango wa kioo, matawi yamegusa kioo. Mzee Callixte alikuwa pale. Alisogeza kigari chake, akauachia nafasi.

Domina aliwakuta wanatazama zege. Alisimama kando yao, karibu na vitufe. Namba alikuwa nazo kidoleni. Ni kazi ya sekunde mbili. Meneja alikuwa ofisini, simu sikioni. Domina alingoja mzee aombe. Hakuomba.

Aliushika mti kama walivyofundishwa kumshika mtu, chini ya kwapa, bila kuvuta, akaugeuza kuelekea chumbani. Alianza nao kwa kuwa ndio uliokuwa mzito. Kisha akarudi kumchukua mzee.