Hukuwahi Kulalamika

Kwa miaka kumi na saba mwalimu wa udereva hakuendesha gari la kampuni nyingine ila ile iliyotengeneza gari lake la kwanza. Wanafunzi wake walimtania kwamba ana wake wawili, mmoja wa chuma. Naye kila aliyehitimu humwambia, "Nunua hili, halina maringo." Hata dada yake mdogo alimsikiliza, akanunua la aina ileile.

Jumanne moja giaboksi iliachia mlimani, gari likarudi nyuma mpaka likagota ukutani. Mwanafunzi aliyekuwa usukani alitoka bila jeraha. Gari likavutwa hadi karakana ya kampuni, ambako fundi mkuu, waliyezoeana naye kama ndugu, alichungulia chini ya gari akasema, "Ni giaboksi hizi tena."

"Ulijua?" mwalimu akauliza.

"Kampuni ilituletea barua kuhusu hitilafu hii miaka sita iliyopita, kaka. Tuliambiwa tumbadilishie atakayelalamika tu. Wewe hukuwahi kulalamika."

Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi. Kumbe uaminifu wake ndio uliomponza. Hakugombana wala hakuaga. Alitoka nje akampigia dada yake, ambaye saa hiyo alikuwa akijiandaa kuwafuata watoto shuleni.

"Mdogo wangu, usiliwashe hilo gari," alisema. "Nilikudanganya bila kujua."