Dirisha la Dawa Lilipohamia Zahanati

Jumatatu ya kliniki ya watoto, muuguzi wa zahanati alifungua mlango, akamfukuza kuku aliyelala chini ya meza, akatundika mizani kwenye ndoano yake, kisha akaona kwamba ukutani, kati ya friji la chanjo na bango la kunyonyesha, kuna dirisha la dawa la hospitali kuu ya mjini. Alilitambua mara moja. Lilikuwa na fremu ile ile ya kijani na kioo kile kile cha kusukuma kilichopata ufa kwenye kona. Nyuma yake mfamasia yule yule kijana alikuwa akipanga vikombe vya plastiki, na juu ya kichwa chake feni ilikuwa ikizunguka. Zahanati haikuwahi kuwa na feni.

"Habari za asubuhi, Sista," alisema mfamasia.

"Njema. Umefika saa ngapi?"

"Mimi sijaondoka. Nimefungua pazia tu, nikakukuta."

Sista, kama kijiji kizima kilivyomwita, alisogeza ndoo ya maji iliyokuwa ikizuia njia, akaanza kupima watoto. Mama wa kwanza alipomaliza, Sista alimwomba apitie kwenye kibanda cha baiskeli amwambie Spoki kwamba dirisha lake limekuja.

Spoki alikuwa fundi baiskeli. Jina hilo alilipata wakati unga wa kulevya ulipokuwa umemkausha. Siku hizi alikuwa na mashavu na kitambi kidogo, lakini jina la utani halinenepi. Mashavu yale aliyapata kwa dawa ya maji ambayo mgonjwa huinywa kila siku mbele ya anayeitoa. Mtu aliyezoea unga akiinywa huamka bila arosto, yaani bila kutetemeka, kutapika na kuumwa mifupa, akaenda kazini kama watu wengine. Ubaya wake ulikuwa mmoja: ilitolewa hospitali kuu peke yake. Kwenda huko ni kupanda lori la sokoni alfajiri na kurudi nalo jioni, na fundi asiyeonekana kibandani mchana ni fundi wa kusimuliwa tu. Wateja wake walikuwa wamekwisha kuhamia kwa fundi mwingine, na juzi yake Spoki alimwambia mama yake kwamba haendi tena mjini. Atajikaza.

Mama yake alilijua hilo neno. Mwanawe wa kwanza naye alijikaza. Mvua zilipokata barabara na lori likashindwa kupita, alikosa dawa, arosto ikamwangusha, akarudi kwenye unga kwa kipimo chake cha zamani, kipimo ambacho mwili ulikuwa umekwisha kukisahau. Walimkuta asubuhi, viatu miguuni, tayari kwa safari.

Sista alikuwa ameomba dawa hiyo itolewe zahanati. Aliomba mwaka wa mafuriko, akaambiwa asubiri. Aliomba tena mwaka ambao paa la shule liling'oka, akaambiwa asubiri na mtu mwingine aliyevaa tai ile ile. Zahanati, walimweleza, ni mahali pa chanjo na homa. Mambo ya mateja yana wenyewe huko mjini. Majibu ya namna hiyo husemwa kwa sauti ya chini ili yasahaulike haraka. Kijijini hayakusahaulika.

Spoki alikuja na grisi mikononi, jasho likimtoka, akipiga miayo mfululizo kama mtu aliyekesha. Mfamasia alimtazama, akamimina dawa yake, akaisukuma kupitia dirishani. Spoki akanywa. Kwa kawaida mgonjwa akishameza hutakiwa kuzungumza, ionekane kwamba hakuificha shavuni.

"Haya, sema neno," alisema mfamasia.

Spoki alifikiri kidogo. "Leo nashinda kibandani," alisema, na akarudi huko.

Mchana mama yake alifika na chupa ya chai. Alisimama mbele ya dirisha, akaliamkia shikamoo, kwa kuwa lilijengwa kabla yeye hajazaliwa. Mfamasia aliitika marahaba kwa mazoea ya kazi, kisha akaona haya, kwani yule mama angeweza kumzaa mara mbili. Chai aliipokea kwa mikono miwili. Alisema huko kwao mjini hakuna mgonjwa aliyewahi kumuuliza kama amekula.

Tangu siku hiyo watu walianza kutokea. Alitokea mwashi, aliyejulikana. Alitokea mwalimu wa hesabu, ambaye hakuna aliyemjua kwa hilo. Alitokea mkulima aliyeanguka kutoka juu ya ghala akapewa vidonge vya maumivu, mgongo ukapona, vidonge vikakataa kuachika. Walikaa benchi moja na kina mama na watoto wao, na mpita njia hakuweza kujua nani amekuja kwa surua na nani kwa dirisha. Mwalimu alisaidia kubembeleza watoto waliochomwa sindano. Wizi wa kuku ulipungua. Mwenye kuku hakuuliza sababu. Aliliachia dirisha trei ya mayai, na mfamasia akaipeleka nyumbani kwake mjini bila hata yai moja kuvunjika.

Habari zilifika makao makuu, na afisa wa afya akaja na gari lililobeba matofali na fundi wa kuliziba dirisha. Alisalimia vizuri. Alizunguka nje ya jengo, akakuta upande ule ukuta ni mzima, umepakwa chokaa, na mbuzi mmoja anajikuna hapo. Alirudi ndani, akaeleza kwamba hana ugomvi na dirisha. Ugomvi ni kanuni. Kanuni inasema dawa hii inywewe ndani ya hospitali kuu.

Alimuuliza mfamasia yuko wapi. Mfamasia alisema yuko hospitali kuu, zamu ya asubuhi. Afisa akamgeukia Spoki.

"Na wewe umesimama wapi?"

"Zahanati, mkubwa."

"Sasa ukimeza, unamezea wapi?"

"Kooni, mkubwa."

Mwalimu wa hesabu alikohoa ndani ya leso. Afisa alitoka nje kupiga simu na kubishana na wenzake, akarudi na uamuzi: mgonjwa aingize kichwa dirishani hadi mabegani kabla ya kunywa, hivyo koo litakuwa hospitali na kanuni itakuwa salama. Kwa matofali yale fundi alijenga ngazi chini ya dirisha kwa ajili ya wafupi. Afisa alipigwa picha juu yake, akasema huu ndio upanuzi wa huduma.

Sista alimuuliza, sasa kwa kuwa watu wanapona mbele ya macho yake, kama yeye hawezi kufundishwa kuitoa dawa hiyo na kuwekewa akiba kabatini, kwa siku ambayo dirisha litaamua kurudi kwao. Afisa alimjibu kwa upole kwamba zahanati haina hadhi hiyo. Alimwambia asubiri.

Kwa hiyo kila asubuhi Spoki alipanda ngazi, akaingiza kichwa mjini na kunywa. Mama yake alisimama nyuma, amemshika pindo la shati. Walimwambia hakuna haja, dirisha halimli mtu.

"Najua," alisema. "Lakini zamani mji ulikuwa unanichukulia mtoto mzima mzima. Sasa unachukua kichwa tu, tena unarudisha. Acheni nishike kilichobaki, nishukuru."

Upande wa mjini, kichwa cha Spoki kilikuwa kikitokeza chumbani mwa mfamasia, na kupitia mlango ulioachwa wazi kiliona ukumbi wa kungojea, ambako waliotoka vijiji vingine walikuwa bado wamekaa na mavumbi ya safari. Asubuhi moja kilikutana na msusi wa ng'ambo ya bonde, aliyewahi kupanda naye lori. Alikuwa amekonda. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani, kisha msusi akauliza kwao dirisha lilikujaje.

"Lilikuja tu, dada," alisema Spoki. "Tulikuwa tumechoka kuomba."

"Hata sisi tumechoka," alisema msusi.

Spoki aliwashukuru wote, akatoa kichwa, akaenda kuziba pancha iliyokuwa ikimsubiri.

Msusi alirudi na lori jioni, akawasimulia wenzake. Hakuna aliyebisha. Jumamosi waliamkia kwenye zahanati yao, wakang'oa misumari na mabango kwenye ukuta mmoja, wakaufuta buibui, wakaupaka chokaa safi, wakaacha nafasi ya kutosha mbele yake kwa watu kupanga foleni. Wanangoja. Afisa wa afya alipopita huko aliusifu sana ule ukuta kwa usafi.