Mikono ya Kumwosha Hasna

Mwanakombo alipofika kwa marehemu Hasna, maji yalikwisha kutengwa motoni na wanaume walikuwa makaburini wakichimba. Alivua viatu, akashika kapu lake lenye karafuu maiti na majani ya mkunazi yaliyopondwa, akaelekea chumba cha kuoshea. Mlangoni alisimama Bi Wema, wifi yake Hasna, mkono kauegemeza kwenye mwimo.

"Kama umekuja kuzika, karibu mkekani," alisema Bi Wema. "Wa kuosha tumeshampata."

"Hasna aliniusia mimi."

"Alikuusia ulipokuwa mzima."

Wanawake waliokuwa uani wakichambua mchele waliinamisha vichwa, lakini macho yao yaliishia pale pale, mikononi mwa Mwanakombo. Akaivuta kanga kuifunika.

Ujiji nzima ilimjua kwa kuosha maiti za kike. Mwaka uliopita aliugua koo, na alipoinuka tu kitandani yakamtoka mabaka mekundu viwikoni. Yakapanda kichwani, yakashuka hadi kwenye migongo ya viganja, yakifanya magamba meupe yaliyopukutika shukani kama pumba. Kucha zikaingia vitundu kama subana ya fundi cherehani. Huyu alisema fangasi, yule ukoma, na waliokosa la kusema wakadai anachukua maradhi ya maiti. Alinunua sokoni krimu kali. Ilimtuliza kidogo, na alipoiacha, ugonjwa ukarudi maradufu. Ni Hasna, rafiki yake, muuza samaki aina ya migebuka huko Kibirizi, aliyemkokota hadi kwa daktari wa ngozi. Ni Hasna huyo huyo aliyempaka mgongoni mafuta ya mgando kwa viganja vitupu, asijali.

Sasa Hasna alikuwa amelala nyuma ya mlango ule, naye Mwanakombo hakuweza kumfikia.

Nasra, binti pekee wa marehemu, alitoka ndani macho yamevimba. Alikuwa amewasili asubuhi hiyo kutoka Kidahwe alikoolewa.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Shangazi anasema una ugonjwa." Nasra aliitazama kanga iliyofunika mikono. "Unaambukiza?"

Mwanakombo alishtuka. Watu walikuwa wamehama viti alipoketi karibu nao, wamemfichia vikombe, wamemsengenya kisimani. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo usoni. Akaifunua mikono yake mbele ya wote.

"Hauambukizi. Unaitwa soriasisi. Kinga ya mwili wangu imekosea njia, inanishambulia mwenyewe. Ngozi yako huota polepole na kupukutika bila wewe kujua. Yangu inaota mbiombio, mpya inaisukuma ya zamani kabla haijawa tayari, ndiyo haya magamba. Kuna siku inatulia, kuna siku inawaka, hasa nikiwa na majonzi. Dawa ya kuutuliza ipo. Ya kuuondoa kabisa, daktari aliniambia wazi kuwa haipo."

"Usiopona ndio huo huo wa kuambukiza," Bi Wema alidakia.

"Na kisukari, shangazi?" Nasra aliuliza kwa sauti ndogo. "Mama alikuwa nacho miaka yote. Umekipata?"

Nje ya ua Mzee Saidi, mjomba wa Nasra, aligonga bati. "Jamani, adhuhuri hiyo inaingia! Maiti iko tayari?"

Nasra alimtazama shangazi yake, akamtazama Mwanakombo. "Mama aliusia," alisema. "Aingie."

"Basi mimi simo," Bi Wema alisema. Akaondoka, na mwoshaji aliyeletwa kutoka Rusimbi akajitanda kanga vizuri, akamfuata.

Wakabaki wawili chumbani, na Nasra hakuwahi kuosha maiti maishani mwake. Mwanakombo alivaa glavu, akamwonyesha namna ya kushika shuka la stara. Wakaanza kuliani, kama inavyotakiwa. Mwanakombo alifanya kazi haraka, masikio yote yakiwa mlangoni. Ndani ya glavu jasho lilimchoma kama pilipili. Ngozi ya kidole gumba ilikuwa imepasuka tangu alfajiri, aliposikia habari.

Mara Nasra akanyanyua kitambaa. "Mama mdogo, hii damu ni ya mama?"

Mwanakombo akaitazama mikono yake. Glavu ilikuwa imechanika, na mstari mwekundu ulikuwa ukimtiririka kuelekea kifundoni.

Angeweza kusema ndiyo. Maiti hutoka damu, Nasra asingejua. Na wangeiona wale wa nje, kazi yake ya kuosha ingekwisha siku hiyo.

"Ni yangu," alisema. "Sishiki tena. Damu ni damu, ya mgonjwa na ya mzima. Chukua wewe kitambaa kingine safi, mimi nitamimina maji na kukuelekeza. Tunaanza upya sehemu hii."

"Naogopa nitamkosea."

"Hutamkosea. Polepole tu, kama unamwogesha mtoto mchanga."

Alijifunga kidole kwa kipande cha kanga, akashika kata ya maji kwa mkono wa kushoto. Nasra alilia na kuosha, akalia na kuosha, mpaka wakamsuka nywele misuko mitatu na kumvika sanda.

Bi Wema alirudi, akaingia na kuikagua sanda pande zote. Hakukuta doa. "Amestirika," alisema. Alipotoka akanawa mikono kwa sabuni hadi viwiko, ingawa hakugusa kitu. Mwanakombo alimwona. Akakusanya vyombo vyake kapuni.

Hasna akazikwa baada ya adhuhuri. Wiki ile mabaka yalimwakia Mwanakombo hadi mapajani, lakini safari hii hakwenda kwenye kibanda cha krimu. Alirudi kwa daktari. Zipo nyumba ambazo hadi leo hazimwiti kuosha. Kwa zinazomwita, huenda na Nasra, anayesafiri kutoka Kidahwe kumsaidia, na siku ngozi ikiwa imepasuka, Mwanakombo humimina maji na mwenzake huosha.