Swali la Nne la Dominika

Dominika alikuwa na sapu moja tu, mtihani mmoja wa kurudia, lakini ilikuwa sapu ya kumtoa mtu roho: kuongoza wageni. Mara ya kwanza alipata thelathini na moja. Alikuwa amekariri maelezo yote, mgeni mmoja akamkatiza kwa swali, basi, maneno yakamwishia, akabaki kukodoa macho mbele ya darasa. Akifeli tena safari hii anadisko, anafukuzwa chuo. Shahada ya utalii kwaheri, anarudi kwao Mazwi, Sumbawanga, mikono mitupu, na huu ni mwaka wa tatu!

Chuo kikalileta darasa zima Sumbawanga kwa mafunzo ya vitendo, na mtihani wake ukapangwa mashambani, njia ya Laela. Wenzake wakamtania, "We si Mfipa? Hii kwako mteremko!" Mteremko gani, jamani! Aliogopa kuliko mara ya kwanza. Alishajiambia kwamba yeye si mtu wa kusimama mbele za watu, na mtu akishajiambia hivyo, ulimi nao unamtii.

Asubuhi basi dogo likasimama kando ya shamba. Dokta Cleophas, mwalimu wao, akashuka na fomu yake ya alama. Wanafunzi wenzake ndio waliojifanya wageni, kila mmoja na swali alilopewa. Dominika akaanza, sauti inatetemeka lakini inatoka. Kufika swali la nne, Jastin, mtundu yule, akanyoosha mkono.

"Samahani dada, haya matuta mbona ni ya duara?"

Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa kwenye kitini cha masomo alichokiandika Dokta mwenyewe: matuta ya duara hujengwa ili maji ya mvua yasituame. Majibu ya kusahihishia kwenye fomu yalitoka humo humo. Tatizo ni kwamba halikuwa la kweli, na Dominika alianza kuyajenga matuta hayo akiwa na miaka saba, nyuma ya mama yake.

Akaliangalia tuta. Dokta akatazama saa. Rafiki yake Angela akamnong'oneza, "Sema la kwenye kitini, upite!"

Halafu hasira zikampanda. Yaani hata hili, analolijua kwa mikono yake, aliogope?

"Naomba mnisubiri kidogo," akasema. Akamwendea mwenye shamba, Mama Redempta, aliyekuwa akipalilia maharage, akapiga goti kumwamkia, wakaongea Kifipa. Akarudi na jembe.

"Mama ameniruhusu nifukue moja, ila nilijenge upya kabla hatujaondoka." Akafukua. Chini ya udongo kulikuwa na nyasi nyeusi, zimeoza, zinanuka. "Hii ndiyo mbolea yetu. Tunazikwatua nyasi pamoja na udongo wake, tunazigeuza, tunazirundika na kuzifunika pande zote, ndiyo maana tuta linakuwa la duara. Mwaka huu unapanda maharage juu, mwakani unalitawanya tuta, unapanda ulezi. Kitini kimekosea, Dokta."

Weee! Dokta akaandika kitu kwenye fomu. Maswali mengine yakamiminika, Dominika akayajibu huku analijenga tuta, na Mama Redempta anamcheka kwa mbali kwamba chuo kimemharibu mkono.

Saa kumi jioni matokeo yakabandikwa mapokezi, kwenye nyumba ya wageni walikofikia. Sitini na mbili. Angela akamrukia. "Umepita, shosti! Twende tukale!"

Dominika alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Kisha akasoma mstari kwa mstari. Swali la nne: sifuri kati ya kumi.

"Achana nalo," Angela akamwambia. "Si umepita? Utamuudhi mzee wa watu bure, akugeukie."

Wiki moja nyuma angeachana nalo, tena kwa kushukuru. Akapanda ngazi, akabisha hodi chumbani kwa Dokta. Mlango ukafunguliwa.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, Dominika. Umekuja kushukuru?"

"Kushukuru baadaye. Nimefuata alama zangu kumi," akasema, akavuta kiti, akakaa kabla hajakaribishwa.